Gari la kuchaji kutoka Mombasa: litafaa barabara ya Kasindi, Beni na Butembo?

BUTEMBO – Gari linaloshushwa melini Mombasa lina safari ya takriban kilomita 1,700 kabla halijaonekana mjini Butembo. Linapanda kutoka pwani hadi Nairobi, linavuka Bonde la Ufa, linaingia Uganda kupitia Malaba au Busia, linapita Kampala na Kasese, kisha linafika Mpondwe. Hapo linavuka daraja la mto Lubiriha na kuingia Kasindi. Zinabaki kilomita 80 hadi Beni na 54 hadi Butembo.

Karibu kila kitu chetu kinafuata njia hiyo: saruji, vitenge, mabati, dawa, na esansi yenyewe. Tangu mapigano yalipofika Kanyabayonga mwezi wa sita 2024, na Goma kuangukia mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza 2025, Kasindi umezidi kuwa mlango mkubwa wa Butembo na Beni. Mlango huo ukifungwa hata kwa siku chache, wa kwanza kulia ni wenye gari na wamotari, kwa sababu bei ya mafuta hupanda mara moja.

Ndiyo maana swali la gari linalotumia umeme na mafuta kwa pamoja linatuhusu, ijapokuwa wengi huliona kama jambo la matajiri wa Ulaya. Magari hayo yapo katika soko la mitumba la Japani, soko lile lile linalotuletea RAV4 na Noah. Kabla mtu hajatoa akiba yake ya miaka mingi, afadhali ajue gari hilo linafanya nini, na halifanyi nini, kwenye milima yetu.

Haibridi zote si sawa

Watu wengi wakisikia neno haibridi, au ibridi kama wengine wanavyosema hapa kwa matamshi ya Kifaransa, hudhani ni gari moja. Ziko aina mbili.

Ya kwanza ni haibridi ya kawaida, kama Toyota Prius na Aqua zinazoonekana kwa wingi Nairobi na Kampala. Ina injini ya esansi, mota ya umeme na betri ndogo. Haina mahali pa kuchomeka waya. Betri yake hujazwa na injini, na pia kila dereva anapopunguza mwendo, kwa sababu mota hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya nguvu ambayo breki zingeipoteza kwa joto. Nguvu yake yote ya mwanzo hutoka kwenye esansi.

Ya pili ni haibridi ya kuchomeka. Betri yake ni kubwa zaidi, na ubavuni ina tundu la kuchajia kwenye umeme wa nyumbani. Inaweza kwenda kilomita kadhaa bila kuchoma tone la mafuta. Umeme ukiisha, injini ya esansi inashika kazi. Toyota ilianza kuuza Prius ya kuchomeka nchini Japani mwaka 2012, ikiwa na betri ya kilowati-saa 4.4. Toleo la mwaka 2017 lina betri ya 8.8. Mitsubishi ilitoa Outlander ya kuchomeka mwaka 2013. Ni gari la juu, lenye mota mbele na nyuma, na betri ya kilowati-saa 12.

Kilowati-saa 12 ni umeme wa kuwasha balbu 100 za wati 10 kwa masaa 12. Kwa kipimo cha maabara cha Japani, Outlander hiyo inakwenda kilomita 60 kwa umeme peke yake. Barabarani, penye mlima, vumbi na abiria wanne, haifiki hapo.

Mlima wa Butembo

Umbali wa Beni hadi Butembo, kilomita 54, unakaribia sana kiwango hicho. Mtu anaweza kufikiri gari hili limetengenezwa kwa ajili yetu. Lakini Butembo iko juu ya Beni kwa takriban mita 600, na mlima una bei yake.

Tufanye hesabu. Outlander yenye abiria ina uzito wa karibu tani mbili na kidogo. Kuuinua uzito huo mita 600 kunahitaji takriban kilowati-saa tatu na nusu, mbali na umeme wa kusukuma gari mbele, ambao kwa kilomita 54 ni kama kilowati-saa tisa. Jumla inazidi kumi na mbili. Tena, betri ya gari hairuhusiwi kumwagwa yote. Kompyuta ya gari huacha sehemu ili betri isiharibike, kwa hiyo umeme wa kutumika kwenye betri ya 12 ni kama nane au tisa tu.

Maana yake ni kwamba, kwa hesabu hiyo, anayetoka Beni na betri iliyojaa atapanda kwa umeme karibu kilomita 35, halafu injini itawaka na kumfikisha Butembo. Anayeshuka kutoka Butembo kupitia Maboya na Kabasha anapata kinyume chake. Mteremko unarudisha sehemu ya umeme kwenye betri, na anaweza kuingia Beni bila injini kuwaka, au ikiwa imewaka kidogo tu.

Gari la kawaida la ukubwa huo hutumia kama lita 10 za esansi kwenda na kurudi, kilomita 108. Haibridi ya kuchomeka ikichajiwa pande zote mbili inaweza kutumia kama lita mbili na kilowati-saa zisizozidi 20 au 22. Kila mmoja anaweza kuchukua bei ya lita moja ya esansi leo na bei ya kilowati-saa kwenye fakitire yake, akazidisha, akaona faida iko wapi. Hesabu hii ni ya betri nzima na barabara kavu. Mvua ikinyesha na tope kushika magurudumu, gharama hupanda kwa kila gari.

Anayezunguka mjini tu, kutoka nyumbani hadi sokoni, kanisani na kazini, hufanya kilomita 15 au 20 kwa siku. Huyo anaweza kumaliza juma zima bila kuingia kituo cha mafuta, mradi ana mahali pa kuchomeka kila usiku.

Umeme unatoka wapi?

Sharti hilo la mwisho ndilo linaloamua kila kitu.

Kwenye volti 220 na tundu la kawaida la nyumbani, betri ya kilowati-saa 12 inahitaji masaa matano au sita kujaa. Umeme ukikatika usiku kucha, asubuhi unaondoka na gari zito linalobeba betri tupu na kunywa esansi kama ndugu zake.

Anayetegemea gurupu afikiri mara mbili. Gurupu kubwa la mazutu hutoa kama kilowati-saa tatu kwa lita moja. Kujaza betri ya kwenda Butembo kutamgharimu lita tatu hadi nne za mazutu, na faida iliyobaki ni ndogo. Gurupu dogo la esansi, lile la dukani, hutoa pungufu ya mbili kwa lita. Huyo anachoma esansi nyingi nyumbani ili aokoe esansi kidogo barabarani.

Habari njema ni kwamba eneo letu lina mito. Mutwanga, chini ya mlima Ruwenzori, ilipata umeme wa maji mwaka 2013 kupitia mradi wa Hifadhi ya Virunga. Matebe ilifuata katika wilaya ya Rutshuru mwaka 2015, na baadaye Luviro katika wilaya ya Lubero. Umeme wa aina hiyo una sifa ambayo esansi haina: haupiti Mombasa, haupiti Malaba, wala hausubiri barieri ya Kasindi ifunguliwe. Barabara ikifungwa, mto unaendelea kutiririka. Kwa mji ambao mafuta yake yote husafiri juma zima kwa lori, hiyo ni sababu nzito kuliko hata bei.

Jua nalo linasaidia. Sahani kumi za wati 300 hufanya kilowati tatu, na kwa jua zuri la masaa manne au matano zinaweza kujaza betri ya 12. Lakini gari liwe limeegeshwa mchana, na ule ndio wakati watu wengi wanalihitaji kwa kazi.

Kutoka pwani hadi mpakani

Safari ndefu kutoka Mombasa haihitaji kuchaji njiani, na hapo haibridi inalishinda gari la umeme mtupu. Tangi la Outlander huchukua lita 45. Bila kuchaji kabisa, linatosha kilomita zaidi ya 500, kwa hiyo safari nzima ni tangi tatu au nne.

Barabara yenyewe inafundisha jinsi gari hili linavyofanya kazi. Kutoka usawa wa bahari, gari linapanda hadi Nairobi, mita karibu 1,700. Linashuka Bonde la Ufa, kisha linapanda tena hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700. Katika kupanda, mota husaidia injini. Katika kushuka, betri hujaa na breki hupumzika. Dereva anayepitia Masaka na Mbarara atavuka mstari wa ikweta mara tatu kabla hajafika Kasindi: karibu na Timboroa, Kayabwe, na Kikorongo ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth.

Majirani hao wameanza kujipanga. Kenya iliweka bei maalum ya umeme wa kuchaji vyombo vya usafiri mwaka 2023. Nchini Uganda, wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere walitengeneza gari dogo la umeme, Kiira EV, mwaka 2011, na mwaka 2014 wakaonyesha gari la haibridi la abiria watano. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa kampuni ya Kiira Motors, yenye kiwanda Jinja na mabasi ya umeme yanayoitwa Kayoola. Ethiopia ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2024 ilizuia kuingiza magari binafsi ya esansi na mazutu.

Jambo moja mnunuzi alijue. Kenya haisajili gari la mtumba lenye zaidi ya miaka 8, na Uganda haipokei lenye zaidi ya miaka 15. Magari yanayokuja kwetu yanapita huko kwa karatasi za transiti, kwa hiyo sheria hizo hazituhusu moja kwa moja. Matokeo yake ni kwamba gari kuukuu lililokataliwa na wengine linaweza kutafutiwa soko Congo. Kwa gari la esansi hilo ni tatizo la kawaida. Kwa haibridi ni tatizo kubwa, kwa sababu betri huzeeka hata gari likiwa limesimama.

Kasindi hadi Beni

Baada ya DGDA, OCC na ofisi nyingine za mpakani, dereva anabadilisha upande wa barabara. Kenya na Uganda huendesha kushoto, Congo kulia, na gari la Japani lina usukani wa kulia. Kupita lori ukiwa umekaa upande wa shimoni kunahitaji macho ya abiria wa mbele pia.

Tarehe 16 mwezi wa sita 2021, marais Félix Tshisekedi na Yoweri Museveni walizindua Mpondwe mradi wa kutengeneza kilomita 223 za barabara, zikiwemo Kasindi–Beni na Beni–Butembo. Lakini raia wa hapa wanajua kwamba lami haiwezi kushinda risasi. Waasi wa ADF wamewaua wasafiri na kuchoma magari kwenye barabara hiyo, na kwa vipindi mbalimbali magari yamelazimika kwenda kwa msafara wa kusindikizwa na jeshi.

Katika msafara, gari linalozimika njiani linamweka mwenyewe na wengine hatarini. Kwa hiyo ubora wa gari hapa unapimwa kwanza kwa swali hili: litanifikisha? Haibridi nzima ina faida, kwa sababu ina vyanzo viwili vya nguvu. Outlander ina kitufe cha kuhifadhi umeme uliopo na kingine cha kuiamuru injini ijaze betri wakati gari linatembea. Dereva anaweza kutoka Kasindi na tangi limejaa na betri imejaa. Lakini haibridi yenye betri mbovu ni kinyume chake. Kwenye magari mengi ya aina hii injini haina stata ya kawaida. Betri kubwa ndiyo inayoiwasha. Betri hiyo ikifa, injini nzima haikusaidii, na kusukuma gari hakutaliamsha.

Kabla ya kulipa

Mafundi wa Butembo wanajulikana kwa kufufua gari lolote. Hata hivyo, waya za rangi ya machungwa ndani ya haibridi hubeba mamia ya volti, zinazoweza kuua. Fundi asiye na glavu maalum, kifaa cha kupimia na mafunzo asifungue betri hiyo. Mnunuzi ahakikishe kwanza kwamba mjini, au angalau Kampala, kuna garaji inayoijua.

Haya ndiyo ya kuangalia:

Afya ya betri. Omba ipimwe kwa kifaa cha kompyuta kabla ya kulipa, na uulize imebaki asilimia ngapi ya uwezo wake wa mwanzo. Kilomita chache kwenye dashibodi si ushahidi. Outlander ambayo betri yake imebaki nusu haitafika hata Kabasha kwa umeme ikitoka Beni.

Waya wa kuchajia. Magari mengi ya mtumba hufika bila waya wake. Waya wa Japani umetengenezwa kwa volti 100 au 200, na sisi tuna 220 zinazopanda na kushuka. Mwonyeshe fundi umeme kabla ya kuchomeka, na weka kinga ya umeme mkubwa. Nyaya za nyumba nyembamba hupata moto zikibeba mzigo huo kwa masaa sita. Zaidi ya nyumba moja inaweza kuungua kwa uzembe huo.

Urefu kutoka ardhini. Outlander ina milimita 190 chini ya tumbo. Prius iko chini zaidi, na mashimo yetu hayatamsamehe mwenye nayo.

Vumbi. Betri ya Prius hupozwa kwa hewa inayovutwa karibu na kiti cha nyuma. Tundu hilo likiziba kwa vumbi la kiangazi, betri hupata joto na kufa mapema. Kulisafisha ni kazi ya dakika chache. Upande wa joto tuna bahati: baridi ya Butembo inafaa betri kuliko jua la Mombasa.

Gari linaloweza kuwasha nyumba

Kuna faida moja ambayo matangazo ya Ulaya hayaitaji sana, na kwetu inaweza kuwa kubwa kuliko zote. Baada ya tetemeko la ardhi na tsunami ya mwaka 2011, Wajapani walitaka magari yanayoweza kutoa umeme wakati wa maafa. Outlander za Japani nyingi zina soketi ya ndani inayotoa wati 1,500. Umeme huo ni wa volti 100, kwa hiyo unahitaji kibadilishi ili utumike kwa vifaa vya volti 220.

Wati 1,500 zinatosha taa za kituo cha afya, friji ya chanjo, kompyuta na simu za wagonjwa. Betri ikipungua, injini huwaka yenyewe na kuijaza. Kwa nyumba yenye gurupu, gari linakuwa gurupu la pili, lenye kelele kidogo. Kwa kituo cha afya cha kijijini, gari la kazi linalobeba wagonjwa mchana linaweza kuwasha chumba cha kujifungulia usiku.

Nani anunue?

Mwenye umeme wa uhakika nyumbani, anayezunguka Butembo au Beni kila siku na kusafiri kati ya miji hiyo miwili mara kwa mara, atafaidika, mradi apate betri yenye afya. Anayefanya safari ndefu tu, Butembo–Kasindi–Kampala, haibridi ya kawaida au gari la esansi lililo imara litamfaa vilevile kwa fedha pungufu. Anayetegemea gurupu asubiri.

Na wamotari, ambao ndio wanaobeba watu wengi zaidi mijini mwetu? Kwao jibu linaweza kuja kwa njia nyingine. Kigali, Kampala na Nairobi tayari zina pikipiki za umeme ambazo dereva hubadilisha betri tupu kwa iliyojaa kituoni, kwa dakika chache, bila kusubiri kuchaji. Mpango huo unahitaji umeme usiokatika na mtaji wa kujenga vituo. Umeme ukiwa imara Butembo, hakuna sababu usifike.

Congo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, madini yanayotumika katika betri nyingi za magari. Yanachimbwa Lualaba na Haut-Katanga, yanaondoka, kisha yanaweza kurudi kupitia Mombasa yakiwa ndani ya gari la mtumba, baada ya mtu mwingine kulitumia miaka kumi. Hilo hatuwezi kulibadilisha leo tukiwa Butembo. Tunaloweza kufanya ni kupima betri kabla ya kulipa, na kuwauliza viongozi wetu, kila wanapozungumzia barabara, wanasema nini kuhusu umeme.